Tangawizi ya Nyuma ya Jiko la Bibi Veronika

Juzi mjukuu wangu alitoa mkobani kichupa cha rangi ya kahawia alichonunua mjini Sumbawanga. Akaniambia, "Bibi, nusa hii. Mafuta ya tangawizi. Yanatuliza akili." Nikanusa. Nikamwambia waliochemsha walikuwa na haraka, moto ulikuwa mkali mno, mafuta yana harufu ya sufuria iliyoungua. Akacheka, akidhani ninajigamba.

Basi nawaandikia ninyi nyote mnaoinunua tiba ya harufu kwenye vichupa. Wakati wa vijiji vya ujamaa mafuta hayo yalitengenezwa hapa hapa Ufipa, na mmoja wa waliokuwa wakiyatengeneza ni mimi, Leokadia. Mengi ya kazi hiyo ni mambo ya kuchekesha. Lakini kuna chupa moja ambayo sijawahi kuisimulia mpaka mwisho, na sasa nimezeeka vya kutosha.

Kiwanda chetu, kama naweza kukiita kiwanda, kilikuwa banda la matofali ya kuchoma pembeni mwa kijiji, kwenye barabara ya kutoka Sumbawanga kwenda Msanzi. Ndani kulikuwa na pipa kubwa la chuma juu ya jiko la kuni, bomba la shaba, na pipa la pili la maji baridi. Kazi yenyewe huitwa kukeneka. Maji yanachemka chini, mvuke unapita katikati ya tangawizi iliyokatwakatwa, unabeba mafuta yake, unaingia kwenye bomba lililojizungusha ndani ya maji baridi, na humo unageuka kuwa maji tena. Juu ya maji hayo yanaelea mafuta, tabaka jembamba la manjano hafifu. Gunia zima linakupa chupa ndogo. Siku ya kwanza nilipoona kiasi kilichopatikana nilidhani bomba limevuja.

Wanamgambo walikuja mara mbili wakidhani tunapika gongo. Mara ya pili mmoja wao aliomba aonje yale maji yaliyobaki. Akaonja, akasubiri, akaonja tena, akaondoka na huzuni.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Fundi Ambakisye, Mnyakyusa, aliyeletwa kutoka Mbeya. Mama yake aliposikia mwanawe amepangiwa Sumbawanga alifunga na kumwombea siku tatu, kwa jinsi watu wa mikoa mingine wanavyosimulia habari za uchawi wetu. Fundi mwenyewe hakuamini lolote. Aliamini moto mdogo na maji baridi. Kuhusu maji alikuwa akisema Mungu aliwapa Wafipa friji bila umeme, maana mwezi wa saba maji ya kisima chetu yaligandisha vidole.

Aliniambia nisimenye tangawizi, maana mafuta mengi yako chini tu ya ganda. Nisishindilie pipa, maana mvuke unataka njia. Kisha akaniwekea ulimini tone moja la mafuta yaliyochanganywa na ya karanga, akaniuliza nasikia nini. Nilisikia tangawizi yote puani, lakini kooni hakukuwa na ule ukali wa kuunguza.

"Ukali haupandi na mvuke," aliniambia. "Unabaki kwenye makapi. Kinachopanda ni kile chepesi tu."

Kutokana na somo hilo nilifanya kosa langu la kwanza. Mwenyekiti wa kijiji alikuja akilalamika mgongo. Mimi nikajiambia, kama hayachomi ulimi, yatachoma nini mgongoni? Nikampaka mafuta matupu, bila kuyachanganya. Mwenyekiti aliendesha mikutano miwili akiwa amesimama, na shati lake alilishika mkononi. Tangu siku hiyo naomba mnisikilize: matone machache kwenye kijiko kizima cha mafuta ya karanga au alizeti, ndipo uguse ngozi ya mtu. Na usimwambie mgonjwa yeyote kwamba yanaponya kifua kikuu. Yanapunguza kichefuchefu, yanafungua pua, yanapasha joto magoti ya wazee. Hayo yanatosha.

Mafuta yetu mengi yalikwenda zahanati ya kijiji, kwa Muuguzi Felista. Wajawazito aliwapa tone moja kwenye leso. Wenye mafua mazito aliwawekea matone matatu kwenye beseni la maji ya moto, wakainama, akawafunika kichwa kwa kitambaa kizito cha bluu wavute ule mvuke. Walitoka humo wekundu wa macho, wakipumua vizuri.

Tangawizi haipendi baridi ya huku juu. Ilitoka bondeni, kwenye mteremko wa kushukia upande wa ziwa, ambako ndiko nilikozaliwa. Kijiji chetu cha zamani kilikuwa huko. Malori yalipokuja kutuhamishia barabarani, tulipakia mikeka, kuku na mawe ya kusagia, tukaacha mashamba. Paa za nyumba ziling'olewa ili tusirudi. Kuta zisizo na paa hazikumaliza masika mawili. Lakini tangawizi haikujua habari za kuhama. Iliendelea kuota kwenye mahame yale, na sisi wanawake wa kiwanda tulikuwa tukishuka mchana kuichimba.

Sitaki mfikirie nazidisha nikisema mahali pale palikuwa pabaya kwa kukaa. Hakukuwa na kitu cha kuogopa. Kulikuwa na vizingiti vya milango vilivyosimama peke yake na majani ya tangawizi mpaka ndani vyumbani. Tulikuwa tunazungumza kwa sauti tukiwa njiani, tukifika tunanyamaza wote bila kuambizana. Mwenzetu mmoja alizoea kusema hodi kabla ya kuvuka kizingiti. Tulimcheka wiki ya kwanza. Wiki ya pili tulikuwa tunasema hodi wote.

Mmoja wetu alikuwa Yustina, rafiki yangu tangu utotoni. Siku ya malori Yustina alikuwa hospitali mjini, anajifungua. Aliporudi alikuta kijiji kimehama na mama yake, Bibi Veronika, hayupo. Hakuna aliyemwona akipanda lori. Watu walimwambia atakuwa amekwenda kwa kaka yake Zambia, maana aliapa mbele ya wengi kwamba hatapanda gari lile. Ikaonekana ni kweli. Wengi wetu tuna ndugu ng'ambo ya mpaka. Yustina alituma salamu kwa madereva wanaopita mpakani Kasesya, mara ya kwanza, mara ya tano, akawa anangoja.

Tulipoanza kushuka kuchimba alitusimamisha njiani.

"Chimbeni kote," alisema. "Kwa mama paacheni. Akirudi atataka kupakuta kama alivyopaacha."

Tukakubali wote. Mimi ndiye niliyesema kwa niaba ya wengine. Nilisema, "Hatutagusa hata jani, Yustina." Baada ya muda aliacha kazi ya kuchimba, akapata usafi wa pale zahanati.

Ikaja miezi ambayo tangawizi ya mahame ilikwisha. Felista alikuwa anadai mafuta, wagonjwa wa mafua walikuwa wamejaa barazani, na pipa letu lilikuwa limekaa tupu wiki tatu. Nilishuka peke yangu, mchana, na gunia moja. Nilizunguka kila ua nikapata vijiti. Ua wa Bibi Veronika ulikuwa wa mwisho. Nyuma ya jiko lake, ambako ukuta ulikuwa umeangukia nje, tangawizi ilikuwa imesongamana, mashina mapana, majani yananifika kifuani. Nilisema hodi. Nikachimba.

Sikuwahi kuona tangawizi kama ile. Vipande vinene kama mkono wa mtu mzima, vilivyoshikana, vinaingia chini kuliko kawaida, hata nikaacha jembe nikavuta kwa mikono. Nilipokanyaga kisigino ili nivute vizuri, ardhi ilitoa mlio wa kitu kitupu. Nilisogea hatua moja. Nikakanyaga tena, mlio ule ule. Nilijaza gunia haraka, nikafunga, nikapanda mlima bila kupumzika hata mara moja. Fundi aliponiuliza nimetoa wapi mzigo mzuri vile nilimwambia, "Huko huko."

Mafuta yake yalitoka mengi na safi. Fundi alibandika kwenye kila chupa kipande cha plasta chenye alama ya mkeneko wake, ili tukikosea tujue tulikosea lini. Chupa ile niliipeleka zahanati mwenyewe.

Siku chache baadaye Felista aliniuliza kama tunachanganya kitu kwenye mafuta. Nikasema hapana. Akaniambia mwalimu mmoja wa shule yetu, mgeni kutoka Mbeya, mjamzito, alinusa leso akiwa amekaa kitini, kisha akainua miguu yake akaikunja juu ya kiti. Akamwuliza Felista kama chini ya sakafu kuna chumba, maana amesikia mtu anaongea huko. Felista alimwambia kuna simenti na udongo. Mwalimu alirudisha leso akasema bora kichefuchefu.

Wa pili alikuwa mzee wa kijijini kwetu, mwenye mafua. Alitoka chini ya kitambaa akiwa anatabasamu kama mtu aliyetaniwa. Alisema kuna mama anamwuliza nani yuko juu, akamjibu kwamba juu yuko Mungu. Felista akadhani ni homa.

Wa tatu nilimwona kwa macho yangu. Alikuwa Mzee Rajabu, mvuvi wa Kipili, aliyekuja na lori la dagaa akazidiwa na kifua njiani. Mtu wa ziwani, anasema Kiswahili na lugha ya kwao ng'ambo ya ziwa. Kifipa hakukijua hata salamu. Asubuhi ile nilikuwa nimefuata chupa tupu, nikawa nimesimama dirishani naongea na Felista, mzee akiwa amefunikwa kitambaa. Yustina alikuwa anapiga deki.

Mzee Rajabu alitoa kichwa taratibu. Akamtazama Felista, akanitazama mimi.

"Kina mama," alisema, "nani kati yenu alikuwa ananisemesha?"

"Hakuna, mzee," Felista alimjibu. "Umesikia nini?"

"Sijui maana yake. Amesema mara nyingi, ndiyo maana nimeshika." Akafumba macho, akatamka maneno matatu. Yalikuwa Kifipa, tena Kifipa chetu cha bondeni, na alivuta neno la mwisho kama sisi tunavyolivuta. Maana yake ni: nani yuko juu?

Yustina aliliweka dekio chini. Aliliweka kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

"Rudia, baba," alimwambia.

Mzee akarudia.

"Hivyo ndivyo mama anavyouliza akiwa kwenye shimo la tangawizi," Yustina alisema. Alisema nasi sote lakini hakumtazama mtu. "Akisikia hatua za mtu huko juu." Kisha akanigeukia. "Leokadia, mafuta haya yametoka shamba gani?"

Nikamwambia, "La kijiji."

Nimefanya makosa mengi katika kazi yangu. Nimeunguza pipa, nimemwunguza mwenyekiti. Lile ndilo kosa ambalo bado nasikia sauti yangu ikilifanya. Yustina alikubali kwa kichwa, akaokota dekio lake, akaendelea pale alipoishia.

Nilikwenda moja kwa moja kiwandani nikaitafuta alama ya Fundi kwenye daftari lake, ingawa sikuwa na haja. Chupa waliyoinusa wote watatu ilikuwa ya gunia langu. Nikamweleza Fundi kila kitu: ahadi, kuchimba, mlio wa ardhi, uongo wa asubuhi ile. Alikuwa anasokota nyuzi za kuzibia bomba. Nilitarajia aniambie kwamba mvuke hauna mdomo, maana hayo ndiyo yalikuwa maneno yake kila tukimsimulia habari za ajabu. Aliendelea kusokota mpaka uzi ukaisha mkononi.

"Mambo ya mzee wa Kipili siyawezi," alisema. "Lakini ulikanyaga mahali patupu, binti. Hilo halihitaji imani. Nenda kwake sasa hivi."

Nilimkuta Yustina uani anapepeta ulezi. Mwanawe alikuwa amelala mkekani. Nilibaki nimesimama.

"Yustina, nilichimba kwa mama."

Hakuacha kupepeta. "Nilijua uliposema la kijiji," alisema. "Huwa unanitazama usoni ukisema kweli. Ulichimba sehemu gani?"

"Nyuma ya jiko."

Ungo ukasimama. "Nyuma ya jiko hapana tangawizi."

"Ipo. Imejaa. Inanifika hapa."

"Mama hakupanda huko hata siku moja, Leokadia. Huko ndiko kulikuwa na shimo la kuhifadhia mbegu za tangawizi."

Tukatazamana. Nadhani tulielewa kwa wakati mmoja.

Tulishuka asubuhi iliyofuata, Yustina, mimi, Fundi Ambakisye na wanaume wanne wenye majembe. Ukungu ulikuwa umelala bondeni, tukauingia kama watu wanaoingia majini, miguu kwanza. Hakuna aliyesema hodi. Yustina alitembea mbele mpaka kwenye ua wa mama yake, akaonyesha kwa mguu mahali pa kuchimba. Ilikuwa ni pale pale nilipochimba, na alama za vidole vyangu bado zilikuwa kwenye udongo.

Chini ya majani kulikuwa na udongo wa ukuta ulioanguka, chini ya udongo kulikuwa na miti ya kufunikia shimo, imevunjika katikati. Wanaume walitoa mti mmoja mmoja. Bibi Veronika alikuwa humo, ameketi, kapu mapajani. Alikuwa amejificha malori yapite. Waliokuwa waking'oa paa hawakujua kuna mtu, ukuta wa jiko ukaangukia shimo, na malori yalikuwa yananguruma, hakuna ambaye angemsikia akiuliza.

Mbegu zilizokuwa shimoni zilikuwa zimechipua gizani. Machipukizi meupe, marefu kuliko mtu, yalikuwa yamepita mapajani mwake na mabegani, yakapenya kati ya miti, yakatafuta juu. Gunia langu lote lilitoka kwenye mizizi hiyo.

Fundi alivua kofia. Kisha akavua koti akamfunika bibi, na baridi ile, akapanda mlima na shati tupu. Tulimzika huku juu, katekista akasoma sala, kijiji kizima kikaja. Waliosema kwamba yuko Zambia walisimama nyuma. Yustina hakulia. Alitupa udongo wake, akakung'uta mikono, akaenda kumnyonyesha mwanawe.

Kwa miezi mitatu hakunisemesha. Tukikutana kisimani alinijazia ndoo ikiwa zamu yangu imefika, akanitwisha, akaondoka. Ningependa anitukane. Chupa ile Felista aliifungia kabatini. Hakuthubutu kuitumia wala kuimwaga, na mimi sikuthubutu kuichukua. Mwalimu wa Mbeya alijifungua salama. Mzee Rajabu alipona akarudi Kipili, na tulisikia kwamba huko hakusimulia kitu.

Siku moja alasiri Felista aliniita. Nilimkuta Yustina amekaa mbele ya beseni, maji yanafuka, kitambaa cha bluu mapajani.

"Niwekee," aliniambia. "Wewe ndiye unayejua kipimo."

Niliweka matone matatu. Likaanguka na la nne. Aliinama, nikamfunika. Felista alisimama mlangoni kuzuia watu. Mgongo wa Yustina ulipanda na kushuka, ukapanda na kushuka, mpaka mvuke ukaacha kutoka pembeni mwa kitambaa.

Alipotoa kichwa uso ulikuwa umelowa.

"Hapana kitu," alisema. "Ni tangawizi tu."

Nikamwambia, kwa ujinga wa mtu anayetaka mambo yaishe, "Basi amepumzika, Yustina. Ni heri."

"Wote walimsikia," alisema. "Mwalimu, mzee, hata mtu wa Kipili asiyejua anachoulizwa. Na hakuna aliyejua kumjibu. Mimi nimekaa na jibu miezi mitatu, Leokadia. Nilikuwa naogopa kuja kumsikia. Sasa nimekuja, haulizi tena."

Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza, na kitambaa kile amekikumbatia. Kazi yangu ilikuwa imenifundisha kuwasha moto, kwa hiyo nikaenda kuchemsha maji mengine. Nilirudi nikajaza beseni upya, nikachukua chupa, nikamimina yote iliyobaki. Kipimo hicho msikifanye kamwe. Chumba kilijaa harufu mpaka Felista akafungua madirisha.

"Mjibu hata hivyo," nilimwambia.

Alikunjua kitambaa. Kisha akasogea kwenye benchi akaniachia nafasi, akainama, nami nikainama kando yake, akatufunika sote wawili. Ndani kulikuwa na giza na joto, na macho yaliwasha, hayakufunguka. Nilisikia akivuta pumzi. Akasema kwa Kifipa, kwa sauti ya mtu anayesemesha aliye mbali chini:

"Ni mimi, mama. Ni Yustina."

Tukangoja. Bega lake lilikuwa limegusa langu. Tulingoja mpaka maji yakapoa.